Masele, Mfasiri wa Sinema ya Nuru

Waliokuwapo ukumbini ni hawa. Bi Khatija Liaquat, mwenye jumba. Mzee Stanslaus, mwendesha mashine ya filamu. Melania, binti pekee wa marehemu Masele. Na mimi mtangazaji wenu, na kinasa sauti changu. Tulikuwa wanne, mbele ya viti mia mbili vitupu.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Masele, mfasiri wa Sinema ya Nuru, hapa Shinyanga mjini. Alizikwa Jumatano iliyopita, Septemba hii ya mwaka 1997. Jumba alilolitumikia nalo linaondoka. Mfanyabiashara wa pamba amelinunua liwe ghala. Jumatatu atakabidhiwa funguo.

Sinema ya Nuru ilijengwa na marehemu Liaquat, baba yake Bi Khatija. Mwanzoni palikuwa na jukwaa tu. Walikuja wachekeshaji, watu wa mazingaombwe, wacheza ngoma na nyoka wao shingoni. Filamu zilifuata baadaye, zikiletwa kwa treni ndani ya makopo ya bati. Nyingi zilikuwa za Kihindi, na wakulima waliotoka Ibadakuli hawakuielewa lugha hiyo. Ndipo Liaquat akamsimamisha Masele kando ya pazia, akampa honi ya bati ya kukuzia sauti, aeleze yote kwa Kisukuma.

"Kihindi alikijua?" nilimuuliza Mzee Stanslaus.

"Hata neno moja! Alitazama midomo, akatunga."

"Na sisi tunaokijua tulimsikiliza yeye," Bi Khatija akadakia. "Baba alicheka mpaka miwani ikaanguka."

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 1991 Mzee Stanslaus alikosea. Aliweka mkanda wa nne wa filamu moja ya Kihindi kabla ya mkanda wa tatu. Katika mkanda wa nne, baba wa familia anakufa na kuzikwa. Ulipofuata wa tatu, baba yule yule akaonekana shambani, mzima, anafunga ng'ombe. Watu wakaanza kuulizana. Masele hakusita. Akainua honi: "Futeni machozi! Hajafa huyu. Walimzika mtu mwingine. Yeye alikuwa Mwakitolyo, anachimba dhahabu!"

Watu wakapanda juu ya viti kwa furaha.

Kesho yake mikanda ilipangwa sawasawa. Baba akafa, akabaki amekufa. Akina mama wakasimama: "Mbona mmemuua tena? Turudishieni ya jana!"

Liaquat akainunua nakala ile. Mzee Stanslaus akabadilisha namba za makopo kwa rangi nyekundu. Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, filamu hiyo ilionyeshwa hapa kwa mpangilio huo tu: baba anakufa, kisha anarudi.

Yakaja mabanda ya video. Viti vikapungua watu, safu baada ya safu. Mwaka 1995 mashine ikazimwa. Masele aliendelea kuja kila Jumamosi, akakaa mlangoni.

"Alitaka waionyeshe filamu ile mara moja tu," Melania alisema. "Alisema, halafu waweke pamba yao."

Bi Khatija akaitikia kwa kichwa. "Aliniomba mara tatu. Mara tatu nikamjibu, ngoja kidogo, mzee, taa ya mashine imechoka." Akaitazama mikono yake. "Taa ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyechoka."

Kwa Melania na ukoo wote wa marehemu, tunatoa pole. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize: ni nani ameniomba jambo dogo, nami nikamwambia angoje?

Tulikuwa tunafunga vyombo vyetu Bi Khatija alipopanda jukwaani, taratibu, akishika ukuta. Akawatangazia wenzake.

"Jumba nimeuza, na sirudi nyuma. Jumatatu funguo zinaondoka. Lakini Jumamosi, saa tisa alasiri, mlango uko wazi, hakuna kiingilio. Mzee Stanslaus, makopo fuata namba zako nyekundu."

"Nitafuata, mama."

"Melania, wewe utashika honi ya baba yako."

"Mimi? Niseme nini, dada? Sijui Kihindi."

"Yeye alikijua? Wakishamzika yule baba, watu wakianza kulia, waambie yuko Mwakitolyo."