Makala Nne Zilizobaki kwa Mwalimu Tabea

Huyu tunayemlaza leo katika udongo wa Akheri ni Tabea Eliud Akyoo. Alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Eliud na Mama Elinipa. Mimi ninayesoma ni kaka yake, Yoeli.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza sekondari mwaka 1999, akapata stashahada ya uuguzi mwaka 2003 na shahada ya uzamili ya afya ya jamii mwaka 2014.

Kuanzia 2015 alifundisha katika chuo kimoja cha afya mjini Arusha. Somo lake lilikuwa mapitio ya maandiko, yaani namna ya kusoma tafiti za wengine kabla ya kumwambia mgonjwa neno. Krismasi moja alitueleza kwa mfano wa shamba la kahawa. Mapitio simulizi, alisema, ni kutembea shambani ukarudi ukasimulia ulichokiona. Mapitio ya upeo ni kupita kila mstari ujue wapi pamepandwa na wapi ni patupu. Mapitio ya kimfumo yana swali moja: unachuma zote, unachambua kwa kanuni ulizoandika kabla ya kuingia shambani, na mwenzako anachambua kivyake msije mkajipendelea. Mama akauliza, "Kahawa nimechambua miaka arobaini, mbona sijaitwa mwalimu?" Tabea alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Tarehe 6 Oktoba 2007 alifunga ndoa na Thomasi, fundi umeme wa Kimandolu. Walijaliwa binti mmoja, Evelyn.

Februari 2023 aliambiwa mapafu yake yanakakamaa. Mama akamwambia, "Wewe ndiye unayesoma, mwanangu. Tafuta dawa." Akaandika swali lake: ipo tiba inayorudisha mapafu yaliyokwisha kukakamaa? Yeye na mwalimu mwenzake, Agnela, wakapata makala 1,214. Aliponitajia idadi hiyo nilimpigia mama simu papo hapo. Jumapili mama akapeleka kanisani mkungu wa ndizi, sadaka ya shukrani, na kwenye mnada baada ya ibada niliununua mwenyewe kwa furaha. Tulidhani makala nyingi ni dawa nyingi.

Baada ya kuchambua zilibaki nne. Zote zilisema dawa zilizopo hupunguza kasi ya ugonjwa, lakini hazirudishi kilichoharibika. Nilimsihi arudishe hata chache za zile walizoondoa, zenye maneno ya kutia moyo.

"Kaka, kanuni niliziandika kabla sijajua majibu," alisema. "Nikizibadili sasa nitakuwa nimemdanganya mama."

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Naungama mbele yenu.

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kimandolu. Mtungi wa oksijeni ulikuwa kando yake, na sisi tulikuwa tukimtazama tu.

Ameacha mume, Thomasi, binti, Evelyn, mama yetu, na mimi.

Juzi mama aliniagiza nizichambue upya zile 1,210 zilizoondolewa, huenda kuna moja iliwapita. Sikuweza kumkatalia. Agnela amenipa orodha, ninayo hapa mfukoni, na sijui kuisoma.

Pumzika kwa amani, Tabea. Wewe ulituambia ukweli.