Miguu Juu, Maji Hayaji

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, maji yalikuwa bado hayajafika kijiweni. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani tangu jioni na kukatika saa tisa usiku, na kwa hesabu ya miaka yote, ikikatika saa tisa, saa moja kamili maji yanapita chini ya benchi. Kijiwe kiko kwenye kona ya kinu cha kusaga nafaka, mahali pa chini kuliko pote mtaani: ubao mrefu juu ya matofali ya saruji, na mkabala wake stuli ya Shangazi, muuza kahawa, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale lakini humgombeza kila mtu kama shangazi. Watu wa kijiwe hicho hawakimbii mafuriko. Huinua miguu. Saa ikikaribia, kila mmoja huvua viatu, huvifunga kamba na kuvitundika shingoni, hupandisha miguu juu ya benchi na kuendelea kunywa. Maji yakishapita, huishusha. Asubuhi hiyo miguu ilikuwa juu tangu saa moja kasoro dakika tano, na chini yake palikuwa pakavu.

Mama Safu alikaa mwisho wa benchi, miguu yake ikiwa chini. Walimpa jina hilo kwa sababu hupanda vitunguu kwa kamba, na safu zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Hakuja kunywa kahawa. Shamba lake liko bondeni, hatua mia mbili nyuma ya kinu, na vibarua wanne walikuwa wamekaa ukingoni wakisubiri neno lake. Vitunguu vilikuwa vimebakiza siku nane. Kuving'oa leo, shingo zikiwa bado mbichi, ni kuvipeleka ghalani vikaoze. Kuviacha, na maji yakaja, ni kuupa mto. Mwaka jana mto ulivichukua vyote. Vibarua walimwambia watangoja mpaka saa tatu, baada ya hapo wataenda kwa mtu mwingine.

— Yamechelewa, alisema Mita, fundi cherehani. Tepu yake ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida, imesokotana na kamba za viatu.

— Hayajachelewa, alisema Shahidi. Maji si mtumishi wa serikali.

Shahidi ni karani mstaafu. Hakuna tukio ambalo hakuwepo.

— Si wewe uliyesema saa moja kamili?

— Nilisema kuanzia saa moja. Sikusema mpaka saa ngapi.

— Jamani, alisema Mama Safu, nina watu wananingoja. Nataka neno moja tu. Yanakuja au hayaji?

— Yanakuja, alisema Shahidi.

— Hayaji, alisema Breki, fundi baiskeli, aliyeitwa hivyo na watu waliokwisha kumsikiliza. Hayaji tena, mama. Mto umehama.

— Umehamia wapi?

— Ng'ambo ya pili. Fikiria wewe mwenyewe. Miaka yote unapita hapa, na sisi tunauinulia miguu. Kuna aliyewahi kuusalimia? Hata mimi ningehama.

— Mto ni huo hapo kwenye kalavati, alisema Shangazi. Geuza shingo.

Breki aligeuza shingo. Mto ulikuwepo.

— Huo uliobaki ni mzigo wa mwisho, alisema. Mtu akihama hachukui kila kitu safari ya kwanza.

Mama Safu alijikuta anacheka, ingawa roho ilikuwa juu. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaenda kuchomeka kijiti ukingoni mwa mto, pale maji yalipoishia. Alirudi kukitazama saa kumi na mbili, na tena saa moja. Maji yalikuwa yamejaa kuliko jana, ya rangi ya udongo, kimo cha goti la mtu mzima, lakini kijiti hakikuwa kimelowa zaidi ya mwanzo. Mwaka jana, kwa mvua kama hiyo, saa kama hiyo, kalavati lenyewe lilikuwa halionekani.

Aliwaeleza habari ya kijiti.

— Kijiti si ushahidi, alisema Shahidi.

— Kirefu kiasi gani? aliuliza Mita.

— Mita bwana, kijiti ni kijiti, alisema Mama Safu.

— Basi nitawaambia mimi yalipo maji, alisema Mita, akavuta tepu shingoni kama anayekwenda kukata kitambaa. Mnakumbuka wale watu wa juu? Wa vile vibwawa?

Walikumbuka. Miaka miwili iliyopita watu wa juu walituma ujumbe kwamba wanajenga vibwawa vitano kwenye makorongo yanayoingia mtoni, kuta za mawe na udongo, kila ukuta na bomba moja chini, na wakaomba watu wa bondeni wakasaidie kubeba mawe. Kijiwe kilikaa kikao palepale kwenye benchi. Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba maji ya juu ni kazi ya watu wa juu. Mama Safu alikuwepo. Aliunyoosha mkono wake pamoja na wengine, mkono wa pili ukiwa na kikombe.

— Wanayafungia, alisema Mita. Usiku wanayafungia, mchana wanayauza.

— Wanamuuzia nani maji msimu wa mvua?

— Ndiyo biashara yenyewe ilivyo. Wewe nunua wakati hayatakiwi, uuze wakati yanatakiwa.

— Huyo ni muuza mitumba, si muuza maji, alisema Shangazi. Leta kikombe.

— Hamjui hali ilivyo, alisema Shahidi, akishusha sauti ili wasogee. Vile vibwawa vimeungana. Juu kule sasa ni ziwa. Watu wanakwenda sokoni kwa mitumbwi. Kuna kivuko, na kivuko kina nahodha mwenye kofia.

— Umeona?

— Nilikuwepo.

— Ulikuwepo wapi?

— Nilikuwepo pale alipokuwa mtu aliyeniambia.

Breki aligonga benchi kwa kiganja.

— Kama ni ziwa, basi limetoboka. Maji yanapita chini ya ardhi. Sasa hivi yako chini yetu hapa, yanasukuma. Hamsikii benchi linavyotikisika?

— Linatikisika kwa sababu unaongea kwa mikono.

— Linapanda, Mita. Pima. Pima kutoka ubao mpaka chini.

Na Mita, mtu mzima mwenye wajukuu, akainama juu ya magoti yake mwenyewe, viatu vikining'inia shingoni, akapima.

— Sentimita arobaini na mbili.

— Jana ilikuwa ngapi?

— Jana sikupima.

— Unaona? alisema Breki. Hatuna la kupinga.

Mama Safu alitazama saa ya Shahidi. Saa mbili na dakika tano. Alijua kwamba akiwasikiliza hawa mpaka mwisho atapoteza vibarua na hatapata jibu, na bado hakuinuka, maana nyumbani hakuna wa kumchekesha na shambani kila kitunguu kilikuwa kinamuuliza swali lilelile.

— Mwenzenu nina shamba, alisema. Mwaka jana mlikaa hivihivi, miguu juu, mkitazama vitunguu vyangu vinapita. Breki aliokota saba.

— Vinane, alisema Breki. Kimoja nilimpa Shangazi.

— Kilikuwa kidogo, alisema Shangazi.

Saa mbili na robo mwanamke mmoja alitokea njia ya mlimani. Alivaa mabuti ya mpira na koti la mwanaume, tope limemfika kiunoni, beleshi begani. Alikuwa wa rika la Mama Safu. Aliwasalimia wote kwa mkupuo mmoja, wakaitikia, naye akasimama akiangalia ardhi chini ya benchi kama mtu aliyeangusha sindano.

— Nimetoka juu, alisema. Natafuta maji yalipofikia. Huku kwenu yalifika wapi?

Shangazi alinyoosha kijiko kuelekea kalavati.

— Pale. Hayajavuka pale.

— Hata hapa kwenye kona?

— Vumbi hilo unaliona mwenyewe, dada.

Mwanamke alishusha beleshi. Alianza kucheka taratibu, halafu akacheka kwa nguvu mpaka akashika nguzo ya kinu, na machozi yakachora mistari miwili kwenye tope la mashavu yake.

— Tumelala kwenye kuta, alisema alipopata pumzi. Kumi na wawili, na tochi tatu. Vibwawa vyote vitano, ambavyo tumevimaliza mwaka huu tu, vimejaa mpaka juu, hakuna hata kimoja kilichobomoka. Maji yanatoka kwenye mabomba kidogokidogo, yatatoka hivyo mpaka kesho. Lakini tukiwa kule hatuoni huku. Hatukujua kama tumezuia kitu au tumelowa bure. Wenzangu wakasema, wewe una miguu, shuka ukaangalie.

Shangazi alikuwa ameshamimina. Alimpa kikombe kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna mtu wa benchi aliyewahi kufanyiwa.

— Kwa hiyo hakuna ziwa, alisema Mita.

— Ziwa gani?

— Wala kivuko, alisema Breki, akimtazama Shahidi.

— Nahodha amestaafu, alisema Shahidi.

Mgeni aliwatazama mmoja baada ya mwingine, viatu shingoni, magoti kidevuni.

— Na ninyi mbona mmekaa hivyo?

Mita akashusha mguu mmoja. Shahidi akashusha miwili. Breki alijitia anajikuna kisigino, halafu naye akashusha. Kwa muda walishughulika kufungua kamba za viatu.

Mama Safu alisogea, mgeni akakaa.

— Dada, nina vitunguu hapo nyuma. Vimebakiza siku nane. Mvua nyingine ikija kama ya jana, mtaizuia?

Mgeni alikunywa kwanza.

— Sitakudanganya. Ukuta utazuia. Tatizo ni tope. Mvua ya jana imeteremsha udongo, umejaa karibu na midomo ya mabomba. Mdomo ukiziba, bwawa halishuki. Bwawa lisiposhuka, mvua inayofuata inalikuta limejaa, inapita juu yake inakuja kwenu kama zamani. Inabidi tuzoe tope la kila bwawa kabla haijanyesha tena, na mawingu yale hayafiki Ijumaa bila kunyesha. La kwanza adhuhuri litakuwa limeshuka. Sisi ni kumi na wawili na hatujalala.

— Mkiwa kumi na wawili mtazoa mangapi?

— Mawili. Labda matatu. Alirudisha kikombe kwa Shangazi, akageukia benchi, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya chumvi: — Kwani zamu yenu ni lini?

Mita alikunja tepu, akaikunjua, akaikunja tena. Shahidi, aliyekuwepo kila mahali, huko hakuwahi kuwepo. Breki alianza kufunga upya kamba za viatu vyake. Mama Safu aliutazama mkono wake wa kulia, ule alionyoosha siku ya kikao, kisha akasimama.

Alikata shauri akiwa njiani, kabla hajafika shambani. Vibarua walimwona anakuja wakasimama na majembe.

— Leo hatung'oi, aliwaambia. Leo tunazoa tope. Ujira ni uleule, mwendo ni wa saa moja na nusu, kupanda.

— Na vitunguu, mama?

— Viacheni vilale.

Aliporudi kijiweni na jembe lake na vibarua wanne nyuma, mgeni alikuwa ameshainuka.

— Hawa wanne na mimi, alisema Mama Safu. Watano. Kisha akawatazama wa benchi. — Ninyi je?

— Tope lenyewe lina kina gani? aliuliza Mita.

— Njoo upime.

— Mgongo wangu, alisema Shahidi.

— Utashika tochi. Kesho usimulie kwamba ulikuwepo, na safari hii iwe kweli.

Shahidi alifikiria hilo kwa makini. Breki alisema ana baiskeli ya mteja haijakamilika, kisha akasema mteja mwenyewe shamba lake liko bondeni, kisha akasema mto ukiwa haujahama bora mtu akauone unakoanzia, kisha Mama Safu akamwekea ndoo mikononi ili anyamaze.

Shangazi alipindua birika. Lilitoa matone mawili.

— Imekwisha, alisema. Nyingine nachemshia huko juu. Mwenye kiu anajua njia.

Akajitwisha jiko.

Waliondoka kwenye kona ya kinu saa tatu kasoro dakika tano, watu kumi pamoja na mgeni. Mita alipima tope kwenye mdomo wa bomba la bwawa la kwanza: sentimita sabini na moja. Ndoo ya kwanza ilitoka saa sita na nusu. Bwawa la tano lilimalizika Jumatano saa kumi jioni. Mvua ilinyesha tena milimani Alhamisi, kuanzia machweo mpaka saa nane usiku, na Ijumaa asubuhi maji hayakuvuka kalavati. Vitunguu viling'olewa Jumanne iliyofuata, shingo zikiwa zimekauka.