Efrazia Tomaso Margwe, Mlinzi wa Chemchemi ya Gitting (1952–2025)

Marehemu Efrazia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 katika kijiji cha Maretadu, wilayani Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Tomaso Margwe na Mama Genoveva. Alibatizwa mwaka huohuo. Katika nyumba ile ng'ombe walilala chini ya paa moja na watu, na kabla ya chai binti alipaswa kubeba samadi hadi shambani. Efrazia alipenda kusimulia kwamba aliijua harufu ya udongo ulioshiba kabla hajaijua herufi.

Alisoma hapohapo Maretadu kuanzia mwaka 1961, akaishia darasa la nne, kwa kuwa mama yake aliugua na mikono ilihitajika nyumbani. Hakulinung'unikia jambo hilo. Vitabu vya wadogo zake alivisoma kabla wenyewe hawajavifungua.

Tarehe 10 Juni 1972 alifunga ndoa na Ndugu Joakimu Gidamis, wakahamia Gitting, wilayani Hanang. Mungu aliwajalia watoto watatu: Evaline, Evarist na Paulina.

Kazi yake ilikuwa kilimo na ufugaji. Alilima mahindi na maharage kwa makinga maji, yaani matuta ya kuzuia udongo usisombwe na mvua, na hakuchoma mabua hata mwaka mmoja. Aliendeleza pia desturi ya kwao ya kumweka ng'ombe kwa jirani: jirani hukamua maziwa na kubaki na samadi, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Ila yeye alichagua jirani kwa kutazama shamba lililochoka. Siku alipompelekea ng'ombe jirani yake Sikuzani, Sikuzani alianza kushukuru. "Usinishukuru," akamwambia, "huyu nimeliletea shamba lako. Wewe utakunywa maziwa tu."

Hata hivyo, Gitting nzima itamkumbuka zaidi kwa chemchemi iliyo chini ya shamba lao. Mwaka 1988 Ndugu Joakimu, kwa nia njema ya kupata nguzo na mbao za kujengea, alipanda mikaratusi kuizunguka. Miti ilinawiri, naye akaionea fahari. Kufikia mwaka 1998 chemchemi ilikuwa imebaki tope, na akina mama wakawa wanafuata maji bondeni, safari ya kumaliza nusu ya siku.

"Baba Evaline," alisema Efrazia, "miti yako inakunywa kuliko ng'ombe wote wa Gitting."

"Mama Evaline, maji huletwa na mvua. Miti yangu imekosa nini?"

 Asubuhi iliyofuata Efrazia alimfunga punda madumu, akamkabidhi mumewe kamba. "Basi leo nenda wewe, ukaiulize mvua."

Ndugu Joakimu alirudi alasiri, punda mbele, yeye nyuma akichechemea. Akina mama aliopishana nao walimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo baba," na alipokwisha kupita wakaangua kicheko. Alikunywa kikombe kimoja, kisha akauliza, "Shoka liko wapi?"

Lakini mkaratusi ukikatwa, kisiki huchipua upya. Kila msimu wa mvua wawili hao walishuka na mapanga kuyaondoa machipukizi, na mahali pake wakapanda mikuyu na miringaringa, miti ya asili inayotunza maji. Maji yalirudi taratibu. Mwaka 2003 ndoo zikajaa tena, na majirani wakajenga uzio, na chini yake birika la mifugo.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Efrazia alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa Katesh na baadaye Babati, na familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia. Aliposhindwa kushuka tena chemchemini, swali lake lilikuwa moja: "Machipukizi mmeyaondoa?" Katika wiki yake ya mwisho Ndugu Joakimu alishuka na fimbo yake, akarudi na fungu la machipukizi, akayaweka kitandani kama mtu aletaye maua. Efrazia aliyatazama moja moja.

"Na kile kisiki cha karibu na jiwe?"

"Nimekisahau."

"Nilijua," alisema, akacheka hadi akakohoa.

Alifariki dunia nyumbani kwake alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Evaline.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu tisa, vitukuu wawili, na majirani ambao asubuhi ya leo wamekamua ng'ombe wake. Kwa wote mliotufariji, asanteni sana. Chai mliyokunywa katika msiba huu, na maji mliyonawa, vimetoka katika chemchemi ile.

Ndugu Joakimu ameomba asiletewe mashada. Kesho asubuhi atashuka na panga hadi kwenye kisiki cha karibu na jiwe. Mwenye nafasi na amfuate.

Mungu ampe Efrazia pumziko la amani. Kisiki kile hakitasahauliwa tena.