Mama Maswali, Aliyetaka Kujua Kahawa Ikoje

Marehemu, ambaye tulimwita Mama Maswali hata kabla hajawa mama wa mtu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mkaguzi wa tiketi na mshona nguo. Jina hilo alipewa na mama yake, siku alipokuta cherehani imefunguliwa yote sakafuni. Mtoto alitaka kuona uzi unapitia wapi.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na stesheni, akamaliza sekondari mwaka 1979. Mwalimu wa kemia alimwambia, "Binti, hebu niache nipumue." Hakumwacha. Mwaka 1982 aliajiriwa katika maabara ya idara ya maji, akafanya kazi humo hadi alipostaafu.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume wa maneno ya kuhesabu. Jikoni kwao ndipo alipoanza kuchuja kahawa, na udadisi ukapanda kichwani. Kwa nini kahawa ileile leo iwe chungu, kesho chachu? Akasaga laini, akasaga chengachenga. Akamimina maji kidogo kidogo kwa kuzungusha, ameinama kutazama unga unavyoumuka na kutoa mapovu. Karatasi za kuchujia zilipoisha, alikata mfuko wa shati jipya la mumewe. Kahawa ikanukia sabuni, Fundi akaenda kazini bila mfuko. "Angalau sasa tunajua," mkewe alisema bila chembe ya aibu.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Mionzi ilimwongezea muda, ila ilimnyang'anya ladha na harufu. Hilo lilimuuma sana. Aliendelea kuchuja kila asubuhi, akampa mumewe kikombe na kuketi mbele yake.

"Ikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, mama."

"Fundi, mimi nimefungiwa nje, wewe ndiye uliye ndani. Niambie basi!"

Fundi alijitahidi, maskini. Lakini alikuwa akisifu tu, na mkewe alijua anabembelezwa. Aliogopa kuondoka bila kuambiwa ukweli.

Mwezi Mei 2024 mikono yake ilishindwa kuinua birika. Asubuhi ya tarehe 2 Juni Fundi alichuja mwenyewe, chumbani, marehemu akimwelekeza kwa kidole kutoka kitandani. Kisha Fundi akaonja.

"Mbaya," alisema. "Chungu, inakausha ulimi. Nimemwaga maji yote kwa pupa. Ila ukishameza, kwa mbali, kuna kautamu, kama mkate ulioshika moto kidogo."

Marehemu alifumba macho, akacheka. "Hiyo nimeionja," alisema.

Alifariki nyumbani jioni ile, mumewe akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na dada yake mkubwa. Tunamlilia sana.

Apumzike kwa amani, na kila aliloondoka akiliuliza, sasa alijue.