Kwa Nini Robinson Hataki Daktari

Kijiwe cha mtaa wa Sharafiya kilikuwa ubao mrefu mbele ya duka la simu, ambapo Wakenya walioletwa Jeddah na mawakala miaka ile walikutana Ijumaa alasiri, kivuli kikishafika barabarani. Kahawa ililetwa na Alfayo, dereva wa familia moja, aliyeitwa Gavana kwa kupenda kuamuru. Kando yake alikaa Protus, aliyeitwa Profesa kwa kutokosa jibu. Mwisho wa ubao, mgongo ukutani, aliketi mtu ambaye ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilisema ni Robinson, mwanamume, mlinzi wa ghala. Tangu utotoni yeye alijijua kuwa mwanamke, na jina alilojiita ni Shiro. Alitumia homoni Nairobi kabla ya kusafiri, mwili ukabadilika. Huku Jeddah alifunga kifua kwa bendeji chini ya sare. Juma hilo homa ilimshika, na sauti za wenzake zilimfikia kama zinatoka chini ya maji.

— Robinson, unakohoa mpaka ubao unatetemeka, alisema Gavana. Si ulienda kliniki?

— Alienda, akatoka mbio, alidakia Profesa. Nilimwona. Anaogopa sindano.

— Mlinzi mzima?

— Basi anaogopa kupimwa damu. Wakipata kitu, kafili aliyekudhamini anapigiwa simu, halas, uko kwa ndege.

— Hiyo inawezekana.

— Ama ni jini. Likikuingia kifuani halitaki kile chombo cha daktari. Linajua litasikika likiongea.

Shiro alitabasamu macho yakiwa yamefumba. Alimwona huyo jini ndani ya mbavu zake, ana sura ya mamake akianua nguo kule Nyahururu, shuka jeupe mkononi, akimwambia apumue polepole.

— Ama ni mpelelezi, Profesa aliendelea. Wamemwekea redio kifuani.

Hezron, aliyeingia Jeddah mwezi huo na kuketi hapo kwa mara ya kwanza, alimgeukia mgonjwa.

— Kwani daktari alikwambia nini ukatoka?

Shiro alifumbua macho. Alichoka kuficha, kama mtu anavyochoka kusimama.

— Alisema nivue shati.

— Sasa?

— Nimefunga kifua kwa bendeji, Hezron. Nina kifua cha mwanamke. Mimi ni mwanamke, naitwa Shiro. Robinson ni wa ikama tu. Niliogopa ataita polisi.

Profesa aliinuka, akakung'uta suruali, akaondoka bila kuaga. Shiro alimtazama akiyeyuka kwenye joto la lami, miguu kwanza, kisha mabega.

— Atasema? aliuliza Shiro.

— Nitaongea naye leo leo, alisema Gavana. Aliweka kikombe ubaoni. Hiyo bendeji uliifungua lini?

— Tangu homa ianze, sijaifungua.

— Ndiyo inakunyima pumzi. Mtaa wa Ruwais kuna daktari, mama wa Kisudani. Madam wangu humpeleka mamake huko, na Selipher wa jikoni huingia nao. Anasema hupima kifua juu ya abaya, hamvui mtu nguo. Yalla, twende.

Hezron alimshika Shiro mkono, akasita.

— Huko wanaume si wanakaa upande wao, na wanawake upande mwingine? Yeye atakaa wapi?

Gavana alitoa mfukoni ufunguo wa gari la tajiri wake. Aliinamisha birika; halikutoa kitu.

Huko Ruwais, Hezron aliingia kuchukua nambari, akarudi. Wakangoja garini wote watatu, madirisha wazi, upepo wa bahari ukiwapitia. Kwenye kiti cha nyuma Shiro alifungua bendeji, wenzake wakitazama ukuta wa jirani kana kwamba una picha.

Ndani, daktari hakutaja shati. Aliweka chombo mgongoni juu ya kitambaa, kisha mbele. Mkono ulipogusa matiti chini ya kitambaa, ukatulia. Alimtazama Shiro usoni, akamwambia kwa Kiarabu avute pumzi.

Shiro akavuta, ikaingia mpaka chini.

— Tena, alisema daktari.