Muzee Lusenge Phinées, Aliyengoja Moshi Utoke

Jambo la kwanza nililoliona kwa Babu, nikiwa na miaka minne, ni kwamba alipofika kwenye nyumba ya mtu hakuangalia mlango. Aliangalia paa. Alisimama uani, kofia mkononi, akatazama moshi unavyotoka, ndipo akabisha hodi. Nilidhani mababu wote wa dunia husalimia moshi kwanza. Mimi ni Joyeuse, mjukuu wake, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Lusenge Phinées alizaliwa Masereka, kwenye milima ya Lubero, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa wakulima wa viazi na vitunguu. Huko juu baridi haina msimu. Mwenye nyumba ya matofali alijenga shimine, njia ya moshi inayopanda kutoka mekoni hadi juu ya paa, na jioni familia nzima iliketi mbele yake.

Alisoma shule ya msingi palepale Masereka, kuanzia 1958 hadi 1964. Mwaka huo baba yake alifariki, masomo yakakatika. Lakini mimi niliyemaliza chuo kikuu sijaona elimu kama ile aliyokuwa nayo kwenye vidole: aligonga ukuta mara mbili, akasikiliza, akasema masizi yameganda unene gani na mahali gani.

Mwaka 1968 alianza kazi kwa mwashi mmoja, Muzee Lévi. Chombo chao cha kusafishia shimine kilikuwa fungu la matawi magumu lililofungwa katikati ya kamba ndefu. Mmoja alisimama juu ya paa, mwingine chini mekoni, wakalivuta juu na chini mpaka masizi yote yaanguke. Masizi hayo Babu aliyapeleka kwenye vitunguu vya mama yake. Kila nyumba aliiachia fundisho lilelile: “Kuni ya leo iko maji. Ngoja mwaka.” Alijua kwamba mikaratusi mibichi huacha ndani ya shimine lami nyeusi, na siku moja lami hiyo hushika moto, shimine ikaunguruma kama lori linalopanda mlima. Kwa kazi hiyo alifika Lubero, Butembo, hata kwenye tanuri za mikate za Beni na Mangina.

Tarehe 9 Aprili 1974 alisafisha shimine ya familia moja ya Masereka. Mvua ilimkuta juu ya paa. Ili maji yasishushe masizi sebuleni, aliziba mdomo wa shimine kwa gunia lake, akashuka. Wenyeji walikuwa wamemchinjia kuku. Alikula, akashukuru, akaenda zake, na gunia likabaki juu.

Jioni waliwasha moto, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Moshi ulikosa njia, ukajaa nyumbani. Binti wa kwanza, Agar, alifanikiwa kufungua mlango na kuwavuta wadogo zake watatu hadi nje, wawili wakiwa wamezimia. Wote walipona. Lakini kulipopambazuka watu walikuwa wamekwisha kumtaja mwenye kosa: mjane jirani, ambaye eti aliwatumia ulozi. Walikuwa wanabeba vyombo vyake kuvitupa nje Babu alipofika.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amepanda juu kuangalia. Yeye alipanda mbele ya wote, akalichomoa gunia, akaliinua.

“Hapana ulozi! Gunia iko yangu. Ni mimi njo nilisahau.”

Agar ndiye aliyejibu: “Weye kijana! Ulitaka kutuuwa siye bote, na kuku yetu iko mu tumbo yako?”

Mjane alirudishiwa vyombo vyake. Babu alisafisha shimine ile bure mwaka mzima, na tangu siku hiyo, kwa miaka hamsini na mmoja, hakuondoka kwenye nyumba yoyote kabla ya kuwasha moto mwenyewe na kutoka nje kuona moshi kwa macho yake.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Agar yuleyule. Bibi hupenda kusema, “Alinikosa na moshi, akanipata na mahari.” Mwaka 1989 walihamia Vulamba, hapa Butembo, nasi tukakulia hapo.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa shimine ya jiko ambalo kanisa letu limewajengea hapo Vulamba akina mama waliokimbia vita, wanaopikia nje kwenye mvua. Aliijenga pamoja na binti yake Bénite. Ilipokamilika mwezi wa Julai, kikohozi kilichomwanza Februari kilimlaza. Akina mama wakakubali kungoja apone, ndipo moto uwashwe. Mchungaji alikuja kitandani kumwambia kwamba watawasha bila yeye, kisha wamwoneshe video.

“Moshi ya mu simu haina harufu,” Babu akajibu.

Bibi akamcheka: “Muzee, bengine banaomba maombi, weye unauliza moshi!”

“Maombi Mungu anasikia. Moshi, nani anaiangalia?”

Siku mbili kabla ya kufariki alimwita Shangazi Bénite, akamshika mkono. “Sasa fundi njo weye. Ukishawasha, usibakie na moto. Moto iko na batu ya kuipenda. Toka inje, angalia juu.”

Alituacha Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Ameacha mjane, Mama Agar. Watoto watatu, Timothée, Bénite na Mbusa. Wajukuu kumi na mmoja. Kitukuu mmoja, Shalom. Na nyumba zisizohesabika zinazopumua vizuri.

Apumzike kwa amani, Babu yetu, na Mungu aliyeona gunia lile kabla yetu ampokee.

Jumamosi hii, tarehe 6 Septemba, saa tatu asubuhi, Shangazi Bénite atawasha jiko la Vulamba. Akina mama wameleta kuni zilizokauka mwaka mzima. Tunawaomba wote mfike. Hatutaingia ndani. Tutasimama uani, kofia mikononi, tukiangalia paa.