Wiston Ndayisaba na Majina Yaliyofutika Mwezi Machi

Baba Paroko, viongozi wa kitongoji, majirani na ndugu wote mliofika hapa Kasulo, tunaomba mtusikilize kidogo tumsimulie Wiston Marcel Ndayisaba kama tulivyomjua, mazuri yake, na lile moja ambalo wengi mmelisikia vibaya.

Wiston alizaliwa Jumapili tarehe 14 Agosti 1994 hapa hapa Kasulo, wilaya ya Ngara, mtoto wa tano wa mzee Marcel Ndayisaba na mama Deodata, akasoma shule ya msingi mwaka 2002 hadi 2008, akamaliza kidato cha nne mwaka 2012, akaenda Mwanza kusomea ufundi wa kompyuta, na mwaka 2015 akarudi na cheti, begi moja la nguo na mawili ya nyaya.

Mwaka 2016 alifungua stesheneri Lusahunga, akiwachapia karatasi madereva wa malori, na ndiko alikoingia Anneth mwaka 2020, ametoka kumaliza shule, ana barua ya kuomba kazi, Wiston akaisoma yote kisha akamwambia, "Dada, barua ni nzuri, ila hujaandika jina lako," wakacheka, na tarehe 24 Aprili 2021 wakafunga ndoa, wakajaliwa Nice, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2022, na Xavery, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2025, huyu aliye mgongoni kwa mama yake.

Mwaka 2022 aliajiriwa katika zahanati ya muuguzi Adelfina, ambako kumbukumbu za kliniki ya watoto zilikuwa kwenye programu ya zamani isiyokubali kompyuta mpya, basi Wiston akatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya ile ya mezani, programu ikafunguka, watu wakashangaa, lakini mwezi Februari mwaka huu ikaanza kuganda kila mchana, kioo cheusi, wengine wakisema virusi, wengine umeme, naye akakaa nayo siku kumi na mbili, kila siku akibadilisha kitu kimoja tu na kukiandika kwenye daftari, kwa sababu, alivyomweleza Anneth, ukibadilisha viwili ikapona hutajua kilichoponya.

Akagundua kosa lilikuwa lake mwenyewe la tangu mwanzo, mashine ya ndani alikuwa ameipa RAM, yaani nafasi ya kufanyia kazi, kubwa kuliko ile inayoibeba ilivyoweza kutoa, akapunguza, ikatulia, na kwa furaha ile, Jumatano tarehe 12 Machi 2025, akairudisha kwenye hali aliyoihifadhi tarehe 2 Desemba ili aanze na mipangilio safi, akasahau kwamba kurudi huko hakurudishi mipangilio peke yake, kunarudisha kila kitu, na hakuwa ametoa nakala kwanza, ndipo watoto mia moja themanini na sita walioandikwa tangu Desemba wakatoweka, chanjo zao, uzito wao, majina yao.

Wapo kwenye familia waliotaka sehemu hii isisomwe, Anneth akakataa, kwa sababu imesemwa sokoni kwamba Wiston alifuta makusudi ili auze taarifa za watoto, na Nice atakua akibeba sifa hiyo mbaya ya baba yake. Siku ile angesema ni umeme na sote tungeamini, umeme wetu tunaujua, ila alisimama mlangoni kwa Adelfina akasema, "Dada, ni mimi," na Adelfina yuko hapa, muulizeni.

Tangu kesho yake, kila alipotoka kazini, alipanda baiskeli kuzifuata kadi za kliniki nyumba kwa nyumba, Kasulo hadi Murusagamba, matope na mvua, Mama Bukuru akamfungia mlango akisema, "Umemfuta mwanangu, basi mzae wewe!" naye akajibu, "Shikamoo mama, kuzaa siwezi, kuandika naweza, naomba kadi," mpaka mama yule akacheka, akamtolea kadi na maharage juu.

Mwezi Juni miguu ilianza kuvimba, Anneth akimsihi apumzike naye akisema zimebaki chache, tarehe 28 Julai akalazwa hospitali ya wilaya, ikaonekana ni figo, akahamishiwa Mwanza, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, majirani mliotulimia shamba tukiwa Mwanza, wafanyakazi wenzake wa zahanati, na jumuiya yetu ndogo ndogo kwa maombi.

Kwa desturi hapa hutangazwa kwamba anayemdai marehemu aonane na familia. Wanaomdai Wiston ni watoto wanne, wote wa Murusagamba, ambao kadi zao hakuzifikia, na kama mama zao wako hapa wasione haya wala wasiwe na hasira, tukitoka makaburini Anneth atakuwa amekaa mlangoni na daftari na kalamu, anaogopa, hajawahi kuifanya kazi hii, lakini mwandiko wake unasomeka, mleteeni kadi.

Wiston, baba Nice, pumzika sasa kwa amani, hao wanne tutawaandika sisi.